draw.io imetuonyesha fomu ya mkopo inalala wapi

Kama ofisini kwako kuna kazi inayopita mikononi mwa watu zaidi ya watatu, pakua draw.io. Nasema hivi nikiwa afisa mikopo wa SACCOS ya walimu hapa Morogoro, si mtaalamu wa kompyuta, na hadi sasa nimeitumia kwa kazi moja tu: kuchora safari ya fomu ya mkopo, tangu mwanachama anapoichukua dirishani mpaka hela inapoingia kwenye akaunti yake.

Ni programu ya kuchora michoro ya kila aina, ila mimi naizungumzia kwa upande wa chati za mtiririko. Mstatili ni hatua, almasi ni swali la ndiyo au hapana, kidonge ni mwanzo au mwisho, mishale inaunganisha. Alama hizo hazikubuniwa na draw.io. Zimo kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 5807 cha mwaka 1985, na wazo lenyewe la kuchora hatua za kazi Frank na Lillian Gilbreth waliliwasilisha kwa wahandisi wa mitambo wa Marekani tangu 1921. Faida yake ni kwamba mkaguzi akija kesho, mchoro wako anausoma bila kuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Ni ya bure kweli. Huombwi kujisajili, huambiwi maumbo yamekwisha ulipie. Unaweza kuifungua kwenye kivinjari, au ukapakua ile ya kompyuta, ipo ya Windows, Mac na Linux, na hiyo inafanya kazi bila intaneti. Mimi natumia hiyo ya pili. Bando likiisha kazi inaendelea, na faili linakaa kwenye kompyuta ya ofisi, jambo ambalo bodi yetu ililiuliza kabla ya jingine lolote.

Sasa kitu kilichonifanya niandike. Kwenye draw.io kuna umbo la safu: unagawa ukurasa katika mikanda, kila mkanda wa mhusika mmoja, na kila hatua unaiweka kwenye mkanda wa anayeifanya. Sisi tuliweka mwanachama, wadhamini, afisa mikopo, mhasibu, kamati ya mikopo na meneja. Ukichora namna hiyo, kila mshale unaovuka mstari maana yake fomu imehama meza, na fomu inapohama meza ndipo inapolala. Chati ya kawaida isiyo na safu haikuonyeshi hilo hata kidogo. Inakuambia nini kinafuata nini, basi.

Tuliiweka yetu kwenye projekta siku ya kikao. Watu walikuwa wanaangalia kistaarabu tu mpaka jicho la mwenyekiti lilipotua kwenye mkanda wa mhasibu. Mshale ulikuwa unaingia pale mara mbili. Mara ya kwanza kuthibitisha akiba, mara ya pili, baada ya kamati kukaa, kuangalia kama makato yatamwachia mwalimu theluthi moja ya mshahara wake kama inavyotakiwa. Na kutoka kwenye almasi ile ya pili, mshale wa "hapana" ulikuwa unarudi hadi dirishani, mwanzo kabisa.

"Ina maana kamati inakaa, inapitisha mkopo, halafu ndiyo tunagundua haukatiki?" akauliza.

"Mzee, salari slipu ndiyo inaletwa mwisho," mhasibu akajibu. "Nikague nini kabla?"

Wote wawili walikuwa sahihi, na utaratibu huo umekuwepo miaka yote bila mtu kuuona mzima, kwa sababu kila mmoja anajua meza yake tu. Tukaihamisha almasi pale pale, kwa kipanya, mbele ya kikao. Salari slipu sasa inadaiwa pamoja na fomu, na theluthi inakaguliwa kabla kamati haijaitwa. Almasi nyingine, ile ya mdhamini kujitoa katikati, haikuwa na mshale wa "hapana" kabisa. Hakuna aliyejua fomu inakwenda wapi mdhamini akijitoa. Jibu lake lilihitaji kikao kingine, na kwangu huo ndio ulikuwa uvumbuzi mkubwa kuliko wa kwanza.

Kwa atakayeanza, kuna jambo moja la mkono litakalomwokolea muda. Unapovuta mshale kwenda kwenye umbo, angalia rangi. Umbo zima likizungukwa na bluu, mshale umeshika umbo lenyewe, ukilisogeza unajipanga upya. Kikiwaka kijani kwenye nukta moja, umeshika nukta hiyo tu na utabaki hapo hapo. Chati ikiwa bado inabadilika, shika bluu. Kijani ni cha mwisho, unapotaka kupanga vizuri.

Ukimaliza, hamisha kama PNG na weka tiki pale panapouliza kama ujumuishe nakala ya mchoro. Picha hiyo hiyo ukiifungua tena ndani ya draw.io inarudi kuwa mchoro unaoharirika. Ila ukiituma WhatsApp itume kama dokyumenti. Ukiituma kama picha inabanwa na ile nakala ya ndani inapotea.

Upungufu upo. Kwenye simu ni shida tupu, kidole hakitoshi kwa mishale ya namna ile, na watumishi wengi wa ofisi ndogo wana simu tu. Pia maumbo ni mengi kupita kiasi. Maktaba ya BPMN, yaani seti ya alama za kitaalamu za kuchora michakato ya kazi, peke yake inaweza kumkatisha tamaa mtu aliyekuja kuchora hatua kumi. Funga maktaba zote, bakiza ile ya chati za mtiririko. Kwenye kuchapa, chagua itoshe karatasi moja, la sivyo chati ndefu inagawanyika vipande.

Visio ya Microsoft ni nzuri lakini inalipiwa, na kwa SACCOS sioni itatuongezea nini. Lucidchart ina raha yake kama watu kadhaa wanachora pamoja kila mmoja akiwa kwake, ila toleo lake la bure lina mipaka na linataka uwe mtandaoni.

Ofisi ambayo kazi yote inafanywa na mtu mmoja haina haja ya haya, orodha ya hatua ukutani inamtosha. Lakini SACCOS, zahanati, shule, duka lenye ghala na mhasibu wake, hawa ningewashauri waanze na safu, tena wachore jinsi kazi inavyofanyika sasa hivi, siyo jinsi katiba au mwongozo unavyosema. Kwetu unaofuata ni utaratibu wa mwanachama anayejitoa kudai hisa na akiba zake. Hapo najua mishale itavuka mistari mingi zaidi.