Pipi za kifua za tangawizi, maoni ya mpiga debe wa Karume

Mi nauza mitumba pale soko la Karume, Dar es Salaam, nguo za watoto na magauni, kwa hiyo sauti ndo mtaji wangu kabla hata ya balo. Siku ya kufungua balo naanza kuita asubuhi, buku buku buku chagua mwenyewe, ikifika saa sita koo linakwaruza kama nimemeza msasa. Wenzangu wengi wamehamia kwenye zile spika za kuchaji, unarekodi mara moja inakuitia mpaka jioni, na mimi nikanunua, shida nilirekodi siku ambayo sauti imeshakauka, ikawa mashine inaita wateja kwa sauti ya mgonjwa mpaka shangazi wa meza ya jirani akaniambia mwanangu hiyo spika ipeleke hospitali. Nikaona sasa aibu, nikaingia duka la dawa.

Nikapewa Zecuf, zile za tangawizi, zinatoka India. Dada wa dukani akashika mkasi akanikatia mbili, mia mia. Sikutegemea kitu, mana pipi za kifua nimekula nyingi na nyingi ni peremende tu. Nikaiweka mdomoni nikaendelea kukunja magauni. Mwanzo ni sukari, kawaida, afu tangawizi inapanda taratibu pembeni mwa ulimi, halafu ile baridi ya mentholi inatokea puani ukivuta pumzi. Ikiisha sasa, unabaki na utamu fulani huku nyuma ya ulimi, sio wa sukari, mzito kidogo na una uchungu kwa mbali. Huo utamu ndo ulionisimamisha, yani nilikaa na gauni mkononi nikiwaza naujua, naujua, nimeula wapi.

Tanga, kwa bibi! Bibi alikuwa na vijiti vyake vya urukususi, ile mizizi mitamu, kwenye kopo la maziwa, mtoto akikohoa usiku anapewa kijiti atafune, ukimaliza kinakuwa kama mswaki. Nikageuza kile kipande cha pakiti nikasoma kwa shida, wameandika Glycyrrhiza glabra, nikaitafuta kwenye simu, ndo urukususi wenyewe. Kumbe nalipia mia kwa kitu ambacho bibi alikuwa anatupa bure na kofi juu ukikitema.

Haya, zinafanya kazi? Kwa koo linalowasha, ndiyo, na inafanya haraka. Mimi ikikaa mdomoni bila kuing'ata inafika kama dakika 10, na baada ya hapo napata nafuu ya nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi. Wanaong'ata wanajipunja, mana nusu ya kazi inafanywa na mate yako mwenyewe, ukimung'unya mate yanatoka yanalowesha koo, kwa hiyo ukiitafuna kraa kraa ikaisha umekula pipi. Na ile baridi msidanganyike, mentholi haipoozi chochote, inagusa mishipa ile ile ya fahamu inayohisi baridi, koo linaona limepoa kumbe joto lake liko pale pale. Ila mimi kudanganywa hivyo saa saba mchana juani sikatai kabisa.

Kikohozi kikavu cha usiku pia kilipungua, kile cha kutekenya kinachokuja ukishalala. Kikohozi cha makohozi hapana, hapo sikuona tofauti.

Ila sauti haikurudi. Hili niliseme vizuri mana ndo lilinipeleka dukani. Nilikula pipi siku 4 mfululizo, koo raha, sauti bado ya chura. Mteja wangu mmoja ni nesi, akacheka, akaniambia nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, unachomeza kinapita njia nyingine, hata ungekula boksi zima hakuna pipi itakayozigusa. Dawa yake kunywa maji na kunyamaza. Kunyamaza! Mwambie muuza mitumba anyamaze. Nikamwachia mdogo wangu meza siku 2, nikakaa nyumbani naongea na wanangu kwa ishara, sauti ikarudi yenyewe. Kwa hiyo mwalimu, mwanakwaya, kondakta, MC, ukinunua hizi nunua kwa ajili ya maumivu na kuwasha.

Baada ya hapo nikapata tamaa nikajaribu na zingine. Kwenye daladala kijana akapita na pakiti ya kijani, picha ya majani kibao, anasema miti shamba asilia mia tano pakiti zima, nikachukua. Nimesoma viungo nyuma: sukari, glukosi, rangi, ladha. Yani majani yote yaliishia kwenye picha! Jina siliandiki, ila siku hizi sinunui mpaka nigeuze nyuma nione jina la mti wenyewe. Strepsils nayo watu wanaichanganya humu humu, ile sio miti shamba, ina dawa ya kuua vijidudu, koo likiwa linauma hasa mimi naenda huko, ila bei yake sio ya kula kila siku.

Kuna dada anakuja kuchukua magauni ya jumla, alitoka Uingereza akanipa Fisherman's Friend, kitu kidogo cha kahawia, sura haina. Mama yangu! Machozi yalinitoka mbele ya wateja. Ina mentholi, mkaratusi, pilipili, na urukususi tena humo ndani. Ilitengenezwa 1865 na mfamasia wa mji wa Fleetwood kwa ajili ya wavuvi wanaoenda bahari ya baridi kali, mwanzo ilikuwa dawa ya maji, chupa zikawa zinapasuka melini ndo akaigeuza kuwa kidonge. Naamini kabisa. Ile ni ya mtu anayepigwa na mawimbi, mimi wa Karume imenizidi.

Tahadhari sasa, mana naona watu wanazila kama karanga. Hizi nyingi ni sukari, mwenye kisukari aulize zile zisizo na sukari. Mwenye presha naye asizifululize, urukususi mwingi unapandisha presha na hili hata bibi hakulijua. Mtoto mdogo usimpe, inaweza kumkaba. Na kikohozi kikifika wiki 2 acha pipi kapime kifua kikuu, vituo vya serikali wanapima bure, hapo sokoni tunabanana sana kukaa unajipa moyo na tangawizi.

Ladha zingine za Zecuf: ya chungwa sikuipenda, nimeona utamu mwingi joto hakuna. Tangawizi ndo yenyewe.

Wiki iliyopita nikapita Kariakoo kwa wauza viungo nikauliza urukususi, yule mzee akanitazama kama nimeulizia kitu cha marehemu, akaingia ndani akatoka na kifungu cha vijiti. Ni ule ule wa kwa bibi. Tatizo ukitafuna huwezi kuita, nimejaribu, nilisema buku nyuzi za kijiti zikaruka zikatua kwenye gauni jeupe mteja ameshalishika. Kwa hiyo siku za balo natembea na pipi kwenye kibindo, kijiti kinanisubiri nyumbani jioni. Spika nimeshairekodi upya, shangazi anasema sasa imepona.