Arlington kwa miguu: kumtafuta Shalikashvili

Nyota nne na nusu. Hiyo nusu niliyoikata ni ya viatu vyangu, nitaeleza.

Wengi wanaoandika kuhusu Makaburi ya Taifa ya Arlington huanza na kaburi la Kennedy na ule moto usiozimika. Mimi hapo nilipita bila kusimama. Nilitoka Illinois mwezi wa nne pamoja na mwanangu, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza ukuruta, kumtafuta mtu mmoja tu: Jenerali John Shalikashvili wa jeshi la Marekani, aliyefariki mwaka 2011.

Jina lake nililisikia darasa la uraia. Mwalimu alituona tumechoka, wote tumetoka zamu za usiku, akaweka kitabu pembeni akatusimulia habari za kijana wa miaka 16 aliyeshukia Peoria, hukohuko Illinois, mwaka 1952. Alizaliwa Warsaw, baba yake Mjojia, yaani mtu wa Georgia, aliyekwisha kupoteza nchi baada ya Wasovieti kuitwaa. Mwaka 1944 mji ulipogeuka uwanja wa vita, familia ikakimbilia Ujerumani. Kiingereza alikuwa akisimulia mwenyewe kwamba kilimwingia kwa kutazama sinema za John Wayne. Hakuwa raia wa nchi yoyote duniani mpaka Mei 1958, alipokula kiapo Marekani. Mwezi wa saba mwaka huohuo akawa ndani ya magwanda, ameitwa kwa lazima. Darasa zima tulicheka. Miezi miwili ya uraia na deni limeshafika!

Sasa huduma yenyewe. Kiingilio hakuna. Ukitoka Washington panda treni ya laini ya bluu, kituo kinaitwa jina la makaburi, kisha tembea kidogo hadi lango la wageni. Mkoba unakaguliwa na kitambulisho kinatakiwa, kwa hiyo usikiache hotelini. Magari ya kutembeza watalii yapo, ya kulipia, nayo husimama penye makaburi mashuhuri. Kama shida yako ni kaburi moja la mtu wako, pesa hiyo iache mfukoni.

Unachohitaji ni programu yao ya simu, ANC Explorer. Unaandika jina, inakuletea sehemu alikolazwa, picha ya jiwe na ramani ya kukufikisha. Waliozikwa pale ni kama laki nne, mawe meupe yamepangwa mistari mpaka macho yanakataa kuhesabu, lakini hatukumsumbua mtu kuuliza njia. Pakua kabla hujaingia na uje na simu iliyojaa chaji. Mimi jina nilikosea mara mbili. Mwanangu akanipokonya simu. “Baba, andika herufi chache za mwanzo, itakumalizia yenyewe.”

Njiani kuna vilima. Ramani ya simu haikuonyeshi kilima. Nilivaa viatu vipya vya ngozi kwa heshima ya marehemu, na kufikia nusu ya safari heshima ilikuwa imenitoa malengelenge. Vaeni raba, marehemu hawatakasirika.

Tulipofika nilikaa chini kwenye nyasi. Mawe ya pale hayana maneno mengi, kwa kawaida ni jina, cheo, vita, tarehe. Kwa hiyo mwanangu nilimsimulia mwenyewe. Kwamba alikuwa ofisa wa mizinga, akapigana Vietnam, na yule askari wa cheo cha mwisho wa 1958 akawa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, cheo cha juu kabisa cha mwanajeshi Marekani, kuanzia 1993 hadi 1997, wa kwanza aliyezaliwa nje ya Marekani. Hayo yote alishayasoma. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tuliishi miaka kumi na moja, naye alizaliwa humo, ndiyo maana nilitaka asikie habari za mwaka 1991.

Mwaka ule Wakurdi walimkimbia Saddam wakapanda milimani, mpakani mwa Iraki na Uturuki, mamia kwa maelfu. Watoto wakafa kwa baridi na kuhara. Aliyepewa jukumu la kuongoza operesheni ya kuwaokoa ni huyu. Hakuishia kuwadondoshea chakula kutoka angani. Askari waliingia kaskazini mwa Iraki, wakalirudisha nyuma jeshi la Saddam, wakasimamisha mahema bondeni Zakho ili watu washuke, na wengi wakarudi makwao ndani ya miezi michache. Mimi nimepanga foleni ya mgawo wa unga, nimelala chini ya turubai linalovuja. Najua tofauti ya mtu anayehesabu vichwa na mtu anayejua kwamba mama hashuki mlimani kama hajahakikishiwa usalama huko chini.

Lipo na la baba yake jenerali. Mwaka 1993 ilifichuka kwamba mzee huyo alitumikia kikosi cha Wajojia chini ya Wajerumani wa Hitler. Mwanangu aliliuliza palepale, akitegemea nitalikwepa. Nilimwambia ni kweli, na kwamba kwenye usaili wa ukimbizi hata mimi niliulizwa kuhusu ndugu ambao nisingependa kuwajibia.

Kwenye Kaburi la Askari Asiyejulikana walinzi hubadilishana kila nusu saa kuanzia Aprili. Mlinzi hutembea hatua 21, kisha husimama sekunde 21. Ni vizuri, kaoneni.

Kabla ya kuondoka mwanangu alitaka kuacha sarafu juu ya jiwe, ndiyo desturi ya wanajeshi. Nikampa senti 25. Akaruka. Kumbe hiyo huachwa na aliyekuwepo wakati marehemu anakufa; mgeni wa kawaida huacha senti moja. Tukapekua mifuko yote, hata ya koti, hakuna. Mzee mmoja mwenye kofia ya Vietnam alikuwa mstari wa pili, akatuangalia tunavyohangaika, akaja, akamwekea mwanangu senti moja kiganjani, akarudi kwa mtu wake.