Soketi ya waifai kwenye banda la vifaranga Uyole: uzoefu wangu wa miezi miwili

Nilinunua soketi ya waifai, ile unayoiwasha na kuizima kwa simu ukiwa mbali, pale Mwanjelwa, Mbeya, kwa ajili ya vifaranga. Anayefuga Uyole anajua Juni na Julai zilivyo: usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35. Mimi nashinda mjini, banda liko kwa mama.

Unaichomeka kwenye soketi ya ukutani, kisha unachomeka balbu ya joto kwenye hiyo. Kuiunganisha na simu kulinisumbua jioni nzima. Kumbe inakubali waifai ya GHz 2.4 tu, na simu yangu ilikuwa imeshika ya GHz 5. Nilipoipa kila moja jina lake kwenye ruta na kuiweka simu kwenye ya 2.4, ikakubali papo hapo.

Nikaongeza kipimajoto cha waifai, nikakining'iniza juu kidogo ya migongo ya vifaranga, nikaweka amri: joto likishuka chini ya 32 balbu iwake, likifika 35 izime. Siku ya kwanza mama akanipigia: "Mwanangu, taa imewaka na bandani hakuna mtu." Nikamwambia, "Ndiyo kazi yake hiyo, mama."

Usiku wa nne uliniumiza. Umeme ulikatika kama saa nane, ukarudi baada ya saa moja, balbu isiwake. Soketi ilitoka kiwandani imepangwa ibaki imezima umeme ukirudi. Na ile amri yangu ilikuwa inangoja joto lishuke kutoka juu ya 32, wakati lilikuwa limeshashuka umeme ukiwa haupo. Vifaranga walirundikana kwenye kona kwa baridi. Asubuhi mama aliokota 11 waliokandamizwa na wenzao, kati ya 100.

Kwa hiyo ukinunua, kabla ya yote ingia kwenye mipangilio ya soketi, tafuta sehemu ya umeme kurudi, chagua iwake. Tangu nifanye hivyo umeme umekatika mara nyingi na balbu imewaka yenyewe kila uliporudi.

Jambo jingine ni bando. Likiisha, amri ya kipimajoto haifanyi kazi, maana yangu inapitia kwenye seva za kampuni ya soketi kupitia intaneti. Ratiba ya saa imehifadhiwa ndani ya soketi yenyewe, hiyo inaendelea. Nimeweka ya akiba, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, na balbu nimeining'iniza upande mmoja ili kifaranga akizidiwa na joto asogee. Umeme ukikosekana kabisa, mama anawasha jiko la mkaa na kuacha dirisha wazi kwa ajili ya hewa.

Kwenye LUKU nimeona nafuu. Balbu ya wati 250 ikiwaka mchana na usiku inakula uniti 6; sasa programu ya soketi kwenye simu inanionyesha kati ya 3 na 4 kwa siku.

Usiichomekee hita ya kuogea ya papo kwa papo. Nyingi zinapita wati 5,000, na soketi hii ya ampea 16 mwisho wake ni kama 3,600.

Kundi la pili liliingia wiki iliyopita, vifaranga 100. Mpaka leo asubuhi wako 98.