Tathmini ya Boost: Jinsi Medium Inavyochagua Makala za Kusambazwa Zaidi

Katika majukwaa mengi ya kuandikia mtandaoni, makala husambaa kwa sababu ilibofywa na watu wengi katika saa zake za kwanza, na algoriti ikaona mibofyo hiyo ikaisukuma mbele zaidi. Medium, jukwaa ambalo Evan Williams, mmoja wa waasisi wa Twitter, alilianzisha mwaka 2012, imefuata njia tofauti kwa makala zake zinazopewa nafasi ya juu kabisa: lazima kwanza zisomwe na binadamu na zikubaliwe na binadamu. Utaratibu huo unaitwa Boost, nami ninautathmini hapa nikiwa msomaji anayelipia uanachama na vilevile mwandishi anayechapisha humo. Naona ni utaratibu unaomtendea msomaji haki kuliko unavyomtendea mwandishi, na kwamba mwandishi anayetaka kunufaika nao sharti aelewe kuwa anashughulika na wahariri, si na mashine.

Wazo lenyewe halikuanza na Boost. Baada ya Medium kuanzisha uanachama wa kulipia na mpango wa kuwalipa waandishi mwaka 2017, kilikuwapo kikosi cha ndani kilichopitia makala, na zile zilizokipendeza ziliwekwa chini ya mada fulani ili zionyeshwe kwa watu wanaoifuatilia mada hiyo. Waandishi walilifukuzia jambo hilo kwa bidii kubwa, na kukazuka utitiri wa makala za kuelezana namna ya kuchaguliwa, ingawa miongozo ya wakati huo ilisema wazi kwamba makala zinazoizungumzia Medium yenyewe hazichaguliwi. (Kwa kipimo hicho, tathmini hii ingetupwa nje kabla ya aya ya pili.) Udhaifu wa mfumo ule ulikuwa kwamba kikosi kimoja kilitakiwa kuhukumu ubora wa maandishi ya kila fani, kuanzia fizikia hadi malezi ya watoto, kazi ambayo hakuna chumba cha habari kinachoweza kuifanya kwa uhakika.

Tony Stubblebine aliposhika uongozi wa kampuni mwezi Julai 2022, mkazo ulihamia kwa watu wa nje wanaozijua fani zao. Boost ilipoanza kutumika mwaka 2023, baadhi ya wahariri wa majarida yaliyomo ndani ya Medium, yaani kurasa za pamoja zinazokusanya makala za waandishi mbalimbali chini ya mhariri, walipewa mamlaka ya kupendekeza makala, na kikosi cha ndani kikabaki na uamuzi wa mwisho wa kukubali au kukataa kila pendekezo. Kwa hiyo makala hupita katika mikono miwili: wa kwanza ni wa mtu anayeijua fani, na wa pili ni wa mtu anayelinda kiwango cha jukwaa zima. Mgawanyo huo wa kazi ndio ninaouona kuwa nguvu kubwa ya utaratibu huu. Mhariri wa jarida la uhandisi wa programu hatambabaikia mwandishi anayerudia maelezo ya kitabu cha mwongozo, na mhariri wa jarida la historia atagundua mara moja kama mwandishi amesoma nyaraka au amesoma muhtasari tu.

Chini ya Boost zipo ngazi mbili nyingine ambazo mwandishi anapaswa kuzifahamu, kwa kuwa makala nyingi huishia huko. Ya chini kabisa huifikisha makala kwa wafuasi wa mwandishi na wa jarida tu, bila kupendekezwa kwa watu wasiomjua. Inayofuata ni ngazi ya kawaida, ambamo makala inaweza kupendekezwa kwa yeyote anayeonekana kupendezwa na mada. Kuishia katika ngazi ya kawaida si adhabu, wala makala haipungukiwi na heshima kwa kutochaguliwa.

Vigezo vya uteuzi vinasomeka kirahisi lakini vinatekelezwa kwa ukali. Mwandishi awe na sababu ya kuandika juu ya jambo hilo, ama kwa kuwa amelifanya, amelisomea au limemkuta. Msomaji aondoke na kitu ambacho hakuwa nacho. Maudhui yasiwe marudio ya yale yaliyokwisha kusemwa kwingine. Na uandishi uwe umefanyiwa kazi, kuanzia mpangilio wa hoja hadi vituo vya uandishi. Tuchukue mfano wa mada ya kukosa usingizi. Mwandishi mmoja anakusanya ushauri uliozoeleka, kwamba watu wazime simu mapema na wapunguze kahawa, kisha anaupanga vizuri chini ya vichwa vidogo vinavyovutia. Mwingine, muuguzi wa zamu za usiku, anaeleza jinsi mwili wake ulivyobadilika alipohamishiwa zamu hizo, alichojaribu, kilichoshindikana, na kile anachowashauri wenzake wapya wodini. Makala ya kwanza inaweza kuwa sahihi kwa kila sentensi na bado isichaguliwe, kwa sababu hakuna kinachoonyesha kwamba ilipaswa kuandikwa na mtu huyo. Ya pili ina nafasi hata kama lugha yake ni ya kawaida, mradi isomeke bila kukwaza.

Hapa lakini ndipo ninapouona upogo wa kwanza. Kigezo cha uzoefu binafsi, kwa jinsi ninavyosoma makala zinazoletwa mbele yangu, kinaelekea kuzipendelea simulizi za maisha kuliko uchambuzi mtulivu. Mtu aliyefiwa, aliyeachishwa kazi au aliyepona maradhi anayo tayari sababu ya kuandika ambayo mhariri yeyote ataiona, ilhali mtu anayeeleza jinsi mfumuko wa bei unavyopimwa hulazimika kuithibitisha sababu yake. Waandishi wa uchambuzi wasiige simulizi za huzuni kwa ajili hiyo. Inatosha waweke mapema, katika aya za mwanzo na katika maelezo mafupi ya wasifu wao, ni kazi gani waliyoifanya inayowapa sauti juu ya jambo hilo. Mhariri anayesoma rasimu nyingi kwa siku hatafunga safari kwenda kutafuta sifa zako mahali pengine.

Kuhusu masharti ya umbo hakuna mengi ya kusema, ila kwamba huangusha makala nzuri bila sababu ya maana. Kichwa cha habari kinachoahidi kisichotolewa, picha isiyo na maelezo ya chanzo chake au isiyo na ruhusa ya kutumika, maombi ya kupigiwa makofi (alama ambayo msomaji wa Medium hubofya kuonyesha kuwa ameipenda makala) au kuchangiwa fedha, na viungo vya mauzo vinavyomlipa mwandishi bila msomaji kuambiwa, vyote hivyo hupunguza nafasi au huiondoa kabisa. Tangu Mei 2024, maandishi yaliyozalishwa na akili mnemba hayaruhusiwi kuwekwa katika sehemu ya kulipia, na usambazaji wake hubanwa katika ile ngazi ya chini niliyoitaja. Naunga mkono sharti hilo bila shaka yoyote, kwa sababu ninapolipia kusoma uzoefu wa watu, sitaki kuletewa maandishi yasiyo na mtu nyuma yake.

Suala zito zaidi, ambalo waandishi wengi hulipuuza, ni jarida. Kwa kuwa mapendekezo hutoka zaidi kwa wahariri wa majarida, mwandishi anayechapisha katika ukurasa wake peke yake anategemea bahati ya kuonwa, ilhali anayepeleka rasimu kwa jarida lenye mpendekezaji anakuwa na hakika ya angalau msomaji mmoja makini kabla ya kuchapishwa. Si kila jarida lina mpendekezaji, na kati ya yaliyo naye, wingi wa wafuasi si kipimo cha kutegemea. Idadi ya mapendekezo ambayo kila mpendekezaji anaweza kuyatoa ina kikomo, kwa hiyo jarida kubwa linalopokea rasimu kutoka kila upande linaweza kuwa mahali pagumu zaidi kuliko jarida dogo la fani moja ambalo mhariri wake ana njaa ya makala nzuri. Zaidi ya hayo, mhariri wa jarida dogo mara nyingi hurudisha rasimu ikiwa na maswali, na maswali hayo yana thamani hata pale ambapo makala haikuchaguliwa mwishowe.

Ningemshauri mwandishi asome kwanza makala kadhaa za karibuni za jarida analolikusudia, si miongozo yake tu. Miongozo ya majarida hufanana sana, lakini makala zenyewe humfunua mhariri: urefu anaouvumilia, iwapo anakubali ucheshi, iwapo anahariri vichwa, na kama anaruhusu hoja ipinge mkondo wa jarida. Makala moja haiwezi kuwa katika majarida mawili kwa wakati mmoja, hivyo uchaguzi huo una uzito, na kuihamisha makala baadaye kwa matumaini ya kupata mhariri mkarimu zaidi ni kumtafutia mhariri wa pili kazi iliyokwisha kupoa.

Tukija kwenye fedha, ni vyema matarajio yawe ya kiasi. Tangu mabadiliko ya Agosti 2023, malipo ya mwandishi hutegemea jinsi wanachama wanavyoisoma na kuishughulikia makala, usomaji ukihesabiwa pale mwanachama anapokaa nayo kwa sekunde 30 au zaidi, na makala iliyopewa Boost hupata uzito wa ziada katika hesabu hiyo. Mabadiliko hayohayo yaliondoa sharti la kuwa na wafuasi 100 kabla ya kujiunga na mpango wa malipo, jambo jema kwa wanaoanza, lakini yakaweka sharti kwamba mwandishi mwenyewe awe mwanachama anayelipa, na ada ya kawaida ni dola 5 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kila mwandishi anaanza mwezi akiwa na deni dogo. Makala moja iliyochaguliwa inaweza kulifuta na kuacha ziada nono, na mwezi unaofuata usiwe na kitu. Anayetafuta kipato cha kupangia kodi ya nyumba hatakipata hapa kwa utaratibu wa namna hii, na wanaouza kozi za kuahidi kinyume cha hayo wangetakiwa waonyeshe kwanza ni kiasi gani cha mapato yao hutoka kwenye makala na kiasi gani hutoka kwenye kozi.

Lawama yangu kubwa ni ukimya. Makala inapochaguliwa, mwandishi hujulishwa. Isipochaguliwa, hapati maelezo ya sababu. Naelewa kwamba haiwezekani kumwandikia kila mtu barua ya uhariri, lakini hata alama fupi inayosema kwamba kikwazo kilikuwa picha, kichwa au wingi wa makala zinazofanana ingemwokoa mwandishi na ramli. Pasipo hayo, watu hujitungia kanuni: kwamba makala za siku fulani ya juma hupendwa zaidi, kwamba urefu fulani ndio wenye baraka, kwamba neno fulani katika kichwa huleta mkosi. Kanuni hizo huenea kwa kasi kwa sababu hakuna anayeweza kuzikanusha kwa ushahidi.

Jambo jingine linamhusu moja kwa moja msomaji wa Kiswahili. Makala za Boost ninazoletewa ni za Kiingereza, na majarida yenye nguvu ya kupendekeza ninayoyafahamu huhaririwa kwa Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuitumia Medium kama mahali safi pa kuchapishia, pasipo matangazo ya biashara yanayorukaruka pembeni, lakini asiiingize Boost katika hesabu zake.

Ukilinganisha na Substack, jukwaa la kuwatumia wasomaji maandishi kwa barua pepe, ambako tangu mwaka 2022 waandishi hupendekezana wao kwa wao kwa wafuasi wao, Boost ina faida kwa mtu asiye na marafiki waandishi, kwa kuwa mhariri hahitaji kukujua ili akupendekeze. Hasara yake ni kwamba Substack humwachia mwandishi orodha ya barua pepe za wasomaji wake, ambayo anaweza kuondoka nayo akitaka, wakati makala iliyopewa Boost huleta wimbi la wasomaji ambao wengi wao hawatakumbuka jina la aliyewaandikia. Ni busara basi mwandishi awe na makala nyingine mbili au tatu nzuri za mada ileile kabla ya kuomba macho ya wengi, ili msomaji anayebofya jina lake akute kitu cha kusoma.

Mimi nitaendelea kulipia uanachama, kwa kuwa nikifungua ukurasa wa mwanzo nakuta makala ambazo sikujua kwamba ningezitaka, zilizoandikwa na watu wanaojua wanachokisema. Kama ningekuwa naandika humo tu bila kusoma, ningeisitisha ada hiyo na rasimu zangu ningezipeleka kwa wahariri wanaojibu.