Mapitio: Wikipedia ya Kiswahili na sauti iliyojichagulia

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, hupimwa zaidi kwa wingi wa makala zake. Mapitio haya yanapima jambo jingine, yaani namna inavyozungumza na msomaji, kwa kuwa kazi inayoandikwa na watu wengi wasiofahamiana hulazimika kujichagulia sauti.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni ule wa kumwondoa mwandishi mbele ya msomaji. Makala haina jina chini yake, na kanuni ya kutoegemea upande inadai kwamba penye ubishi kila kauli ihusishwe na aliyeitoa. Kwa mada kama Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, ambayo idadi ya waliouawa ingali inabishaniwa, kanuni hiyo ina thamani kubwa: msomaji wa Unguja na msomaji wa Muscat wanaweza kusoma ukurasa mmoja bila yeyote kati yao kuamriwa ashike upande gani. Tena mwandishi huyo hajapotea kabisa, maana ukurasa wa historia unaonyesha kila badiliko na akaunti iliyolifanya, na ukurasa wa majadiliano unahifadhi hoja zilizozaa maandishi. Kamusi elezo za kuchapwa hazitupi uwazi wa namna hiyo, na ningependa kila mwalimu awafundishe wanafunzi wake kuzisoma kurasa hizo mbili pamoja na makala yenyewe.

Siridhiki, hata hivyo, na sentensi za ufunguzi. Makala za kata za Tanzania, ambazo ni nyingi mno, hufuata kiolezo kimoja: hii ni kata ya wilaya fulani katika mkoa fulani, kisha namba ya posta, kisha idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Kiolezo hicho kiliwawezesha wachangiaji wachache kuigusa nchi nzima, na kazi yao ya kujitolea haistahili kudharauliwa hata kidogo. Lakini mpangilio nao ni hoja. Unadai kwamba jambo la kwanza kujulikana kuhusu mahali ni nafasi yake katika ngazi za utawala, huku asili ya jina lake, mazao yake, soko lake na sababu zilizowaleta watu pale vikiachiwa mchangiaji wa baadaye, ambaye mara nyingi hafiki.

Mwishoni mwa makala fupi huwekwa tangazo kwamba makala hiyo bado ni mbegu, likimuuliza msomaji kama anajua lolote zaidi na kumkaribisha aongeze. Ni mahali pazuri kuliko pote katika mradi huu, kwa sababu hapo sauti isiyo na mwenyewe inamgeukia msomaji na kumkiri kuwa mjuzi. Tatizo ni kwamba akiitikia mwaliko huo, msomaji aliyezaliwa katika kata ile anadaiwa chanzo kilichochapishwa, ilhali historia ya mahali pengi petu imo vinywani mwa wazee. Anaulizwa anachokijua, kisha anaambiwa hakihesabiki.

Dai la vyanzo linalinda makala dhidi ya uzushi, na sitaki liondolewe. Hata hivyo, mwaka 2011 mradi mmoja ulijaribu, nchini India na Afrika Kusini, kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kama marejeo ya Wikipedia, na jaribio kama hilo lingefaa sana kwetu. Halihitaji kuvunja kanuni ya kutoegemea upande, kwa maana kanuni yenyewe inataka kila kauli iwe na msemaji anayejulikana. Na mzee aliyerekodiwa kwa ridhaa yake, jina, mahali na tarehe vikiandikwa, ni msemaji anayejulikana vizuri kuliko waandishi wa vitabu vingi tunavyovinukuu.