Maji ya silva ya kunywa: nimeyanunua Dodoma, tuyachambue

Mbukwenyi wadau! Karibuni. Leo mezani kuna ile chupa mnayoniulizia sana, maji ya silva, yaani maji yaliyotiwa madini ya fedha, yanayouzwa kama dawa. Mililita 250, shilingi 35,000, nimeinunua kwa muuzaji anayezungusha bidhaa zake pale soko la Majengo. Nasogeza karibu na kamera mwone lebo. Imeandikwa ppm 10, vijiko vikubwa vitatu kwa siku, halafu kwa herufi kubwa: "hufyonzwa asilimia mia moja". Muuzaji naye akaniongezea ya mdomoni: UTI, vidonda vya tumbo, sukari, mafua. Ukisikia dawa moja inatibu vyote hivyo, shika pochi yako vizuri.

Tupige hesabu kwanza. ppm 10 ni miligramu 10 za silva ndani ya lita moja. Chupa hii nzima basi ina miligramu 2.5. Kipini cha silva ya 925, yaani silva sehemu 925 kati ya 1,000, chenye uzito wa gramu moja tu kina silva ya kutengenezea chupa 370 kama hii. Hapo ndipo mnapolipia 35,000, jamani.

Sasa tazameni rangi. Meupe kabisa, yanapitisha mwanga. Wauzaji hubishana, huyu anasema yangu ni chembe za nano, yaani punje ndogo mno za silva, yule anasema yangu ni ayoni, yangu inaingia mwilini haraka kuliko yako. Maji yenye chembe za kutosha huwa na umanjano. Haya hayana, kwa hiyo sehemu kubwa ni ayoni, yaani silva iliyoyeyuka. Tuhakikishe. Hapa kuna maji yenye chumvi kidogo ya jikoni, namimina polepole... mmeona? Ukungu mweupe. Silva imekamatana na kloridi ya chumvi, imekuwa kitu kisichoyeyuka. Na hii glasi ya pili nilichanganya asubuhi nikaiweka dirishani, jua la Dodoma mnalijua lenyewe. Ule weupe umeshaanza kuwa kijivu. Kumbukeni hiyo rangi.

Kwenye tumbo kuna nini? Asidi, na asidi ya tumbo ni haidrokloriki, ina kloridi tele. Kwa hiyo hilo la asilimia mia moja halipo. Sehemu kubwa ya silva unayokunywa inapita na kutoka chooni. Na wale wa nano wasifurahi: chembe zikifika kwenye asidi, nyingine zinagandana, nyingine zinamung'unyuka na kutoa ayoni zilezile. Panya waliolishwa chembe na waliolishwa silva iliyoyeyuka walikutwa nayo kwenye viungo vilevile.

Ile kidogo inayopenya utumbo inashikamana na protini zenye salfa, inasafiri na damu hadi kwenye ini, na ini linaisukuma kwenye nyongo ili itoke. Mwili unaitoa, hauitumii! Madini ya chuma yana kazi kwenye damu, zinki ina kazi kwenye vimeng'enya chungu nzima. Silva haina kazi hata moja inayojulikana mwilini. Ni mtu aliyeshuka Mtumba kwenye Mji wa Serikali, amevaa suti, hana ofisi anayoiendea. Sasa kujisifu kwamba ameingia haraka kunasaidia nini?

Chuo Kikuu cha Utah kiliwahi kuwanywesha watu wazima wenye afya bidhaa ya aina hii, ppm 10, kwa siku 14. Silva ilionekana kwenye damu ya baadhi yao. Madhara hayakuonekana kwa siku hizo, niseme haki. Faida nayo haikuonekana.

Shida ni inayobaki, maana inajikusanya. Ikifika kwenye ngozi, mwanga unaibadilisha kama ile glasi ya dirishani, halafu inaungana na salfa na seleni na kukaa pale. Ngozi inakuwa ya kijivu-bluu, hali inayoitwa ajiria. Stan Jones, aliyegombea Useneti kule Montana, Marekani, mwaka 2002, alikuwa hivyo, kwa kunywa silva aliyojitengenezea nyumbani tangu 1999. Haitoki kwa kunywa maji mengi wala kwa "kusafisha damu". Na sisi wenye ngozi nyeusi tusijidanganye kwamba haitatupata. Angalia ule mwezi kwenye mzizi wa kucha, ufizi, na weupe wa jicho.

Shirika la mazingira la Marekani limeweka ukomo wa mikrogramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni 300. Vijiko vya lebo hii, mililita 15 mara tatu, vinakupa 450. Kila siku.

Kuna silva ninayoikubali: krimu ya silva sulfadiazini, asilimia 1, ya majeraha ya moto. Hiyo inapakwa, inaua bakteria palepale kwenye kidonda, na anayeamua ni daktari au nesi. Cheni na pete zenu vaeni, ngozi isiyo na jeraha haipitishi cha maana.

Nyota ya kunywa: sifuri. Kwenye chupa sioni namba ya usajili ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa, na Marekani tangu 1999 wamekataza kuuza silva ya koloidi, yaani maji ya silva kama haya, kama dawa ya dukani ya kutibu ugonjwa wowote.

Kama tayari unakunywa na hapohapo uko kwenye antibiotiki kama doksi (doksisaiklini) au sipro (siprofloksasini), au thairoksini, dawa ya tezi ya shingo, acha maji haya leo, dawa yako usiiache. Silva inaweza kuzuia dawa hizo zisifyonzwe vizuri, halafu utasema hospitali wamekupa dawa feki. Nenda kwa aliyekuandikia, umwonyeshe na chupa.