Pompeii au Herculaneum: uende wapi?

Miji yote miwili ya kale ya Kirumi ilifukiwa na mlipuko wa mlima Vesuvius mwaka 79 BK, na kila anayepanga kufika Naples, Italia, huuliza swali hili.

Kwa ukubwa, Pompeii haina mpinzani. Ni hekta 66 hivi, na theluthi mbili zimeshafukuliwa. Utatembea kwenye barabara za mawe zenye mifuo iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, uingie kwenye duka la mikate ambako mawe ya kusagia bado yamesimama karibu na tanuri. Kuna pia maumbo ya plasta ya waliokufa. Mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli alianza kumimina plasta kwenye uwazi ulioachwa na miili ndani ya majivu. Si rahisi kuyatazama.

Kwa uhifadhi, Herculaneum inashinda. Gesi na majivu ya moto yaligeuza mbao kuwa makaa bila kuziteketeza, hivyo mihimili, milango na hata orofa za juu zipo. Ufukweni, ndani ya vibanda vya mashua, ilikutwa mifupa ya watu takriban 300.

Nauli haitofautiani sana, kwani treni kutoka Naples ni ile ile.

Ukiwa na wazee, watoto au nusu siku tu, nenda Herculaneum. Saa tatu zinatosha. Ukitaka kuona mji mzima ulivyopangwa, na miguu inakuruhusu, Pompeii, asubuhi mapema, na maji ya kutosha.